Usisaini Kitu Bado, Mwanangu

Chake Chake, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua kidogo na mvua hizi, lakini shamba anakwenda kama kawaida, hasikii la mtu. Ile sauti uliyotuma tumeisikiliza sote wawili, na yeye ndiye aliyesema nikujibu kwa maandishi, kwa sababu ati mimi nikishika simu huanza na mpira nikaishia kwenye bei ya mchele.

Umeniuliza mambo mawili ukayafunga fundo moja. Kwanza, kwa nini watoto wengi wanaotangazwa kwamba ndio watakaoibeba timu ya taifa hupotea njiani, na kama kosa ni lao wenyewe. Pili, kama mumruhusu mjukuu wangu aende majaribio ya Karume Boys, timu ya vijana ya Zanzibar, maana mtaa mzima umeshamwita "Fei Toto mdogo" kwa jina la yule kiungo wetu Mzanzibari, na kuna bwana amekuja nyumbani na karatasi za kusaini. Mumeo naye naona hakusubiri, ameshampiga picha na jezi akamweka stetasi.

Hilo la pili ni jepesi, nitalifikia. La kwanza ndilo linalonikera siku nyingi, kwa sababu barazani hapa jibu lake huwa moja tu: "Kalewa sifa." Akitoweka kijana, kalewa sifa. Wanasahau kwamba sifa zenyewe wamezimimina wao.

Chukua Nii Lamptey wa Ghana. Mwaka 1991 Ghana walibeba Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Italia, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano yale, ambayo hata Del Piero wa Italia, aliyekuja kuwa nyota, alikuwemo. Pele akamtaja kuwa ndiye mrithi wake. Neno kama hilo likishatoka kinywani mwa Pele, nani tena atakuwa na subira ya kungoja mtoto akue? Akiwa na miaka 16 alikuwa anacheza na watu wazima Anderlecht ya Ubelgiji, na anafunga. Akaenda PSV ya Uholanzi, akaenda Aston Villa na Coventry za Uingereza, na baada ya hapo ikawa ni kuzunguka tu: Italia, Argentina, Uturuki, Ureno, Ujerumani, China. Timu ya taifa ya wakubwa aliichezea, lakini yule mrithi wa Pele hakuonekana.

Sasa sikiliza kilichokuwa nyuma ya pazia. Lamptey alikulia nyumba ya vipigo, skuli hakupata ya maana, na mpira ndio uliokuwa kimbilio lake. Alipofika Ulaya aliwekewa mikataba mbele yake naye hawezi kuisoma, akasaini. Wakala ndiye aliyeamua auzwe wapi, lini, na kwa faida ya nani. Mtoto wa watu alikuwa akihamishwa nchi hata lugha ya ile aliyotoka hajaishika. Hapo utaniambia kalewa sifa? Alipomaliza mpira alianzisha skuli mjini Accra. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati nasibu, mwanangu. Alijua pale alipoumizwa.

Wa pili ni Freddy Adu, na huyu kisa chake ni cha namna nyengine. Alizaliwa Tema, huko huko Ghana, wazazi wakahamia naye Marekani akiwa mdogo. Mwaka 2004 akaanza kuichezea D.C. United akiwa na miaka 14. Kumi na minne! Wewe umri huo mama yako alikuwa bado anakusuka nywele kwa nguvu. Ligi ya Marekani ilikuwa inatafuta sura ya kuuzia tiketi, ikaipata. Akawekwa kwenye tangazo la biashara pamoja na Pele (huyu Pele naye, Mungu amrehemu, hakuwa na mkono mwepesi wa kuchagua warithi). Taifa wakamwita akiwa na miaka 16, Januari 2006.

Na usidhani kwamba hakuwa na mpira. Kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 kule Canada, mwaka 2007, aliifunga Poland mabao matatu peke yake. Tatizo ni kwamba alipokwenda Benfica hakupata nafasi ya kudumu, akawa anaazimwa huku na huku, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, na kila alipofika alifika kama habari ya gazeti kabla hajafika kama mchezaji. Mechi yake ya mwisho ya taifa ilikuwa fainali ya Gold Cup, kombe la mataifa ya Amerika ya Kaskazini na Kati, dhidi ya Mexico mwaka 2011. Jumla mechi 17, mabao 2, na wakati huo ana miaka 22, umri ambao wachezaji wengi ndio kwanza wanaitwa kwa mara ya kwanza. Kutangulia si kufika, lakini yeye alitangulizwa. Hakuna aliyemuuliza.

Halafu kuna Bojan Krkić, wa Barcelona. Huyu hakukosa chochote: klabu kubwa, wazazi wapo, anafunga akiwa na miaka 17. Februari 2008 alitarajiwa kuanza kuichezea Hispania dhidi ya Ufaransa. Hakucheza. Ikatangazwa kwamba tumbo limemchafuka. Baada ya miaka kumi akaeleza mwenyewe kwamba halikuwa tumbo, ilikuwa hofu: kizunguzungu kilichomshika kichwani na kukataa kuondoka. Akaomba asiende Euro 2008, wenzake wakaenda wakarudi na kombe, na yeye akasemwa kwamba ameikataa nchi yake. Septemba mwaka huo akaingizwa dhidi ya Armenia. Ikawa ndiyo mechi yake pekee ya timu ya taifa ya wakubwa.

Mimi nikisoma habari ya Bojan namfikiria mjukuu wangu, yule anayejifungia chooni kabla ya mtihani. Umesahau?

Wajomba zako wa Muscat, Oman, nao wana wao. Mwaka 1995, kule Ecuador, Oman ilishika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na kijana wao Mohammed Al-Kathiri akawa mchezaji bora wa mashindano yote. Hadi leo Oman haijacheza Kombe la Dunia la wakubwa. Lakini tusemane kweli, tuzo ile ile ilichukuliwa na Fabregas mwaka 2003, Toni Kroos 2007 na Phil Foden 2017, na hao wote walifika juu. Kwa hiyo si mkosi, wala si hirizi. Inachokuambia ni nani alikuwa bora mwezi ule, katika umri ule, basi.

Na umri wenyewe una ujanja wake. Mashindano ya vijana huhesabu mwaka kuanzia Januari mosi. Mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanaingizwa kundi moja, na katika miaka ya kubalehe miezi kumi na moja ni mguu mzima na kifua kizima. Makocha humchagua aliyekwishaiva, wakasema huyu ana kipaji. Miaka mitatu baadaye wale wa Desemba wameshamfikia, wengine wamempita, na yeye hana tena kile kilichokuwa kikimbeba. Watu hupigwa na mshangao, "Kapatwa na nini?" Hakupatwa na kitu. Ni wenzake waliokua.

Huo ni ujanja wa halali. Ule wa haramu tunaujua vizuri. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana ya Tanzania, waliondolewa kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kwa sababu ya umri, na mwaka 2018 ikawa zamu yetu, Karume Boys wakaondolewa mashindano ya CECAFA, yale ya Afrika Mashariki na Kati, kule Burundi kwa hilo hilo. FIFA tangu mwaka 2009 wanapiga picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kuangalia mifupa. Kijana wa miaka 19 aliyeandikwa 16 atawachezea watoto akaonekana malaika, na kila sifa anayopewa ni deni. Akifika kwa wakubwa, kilichokuwa kikimbeba kimeisha. Cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu nakijua, nilikwenda mimi kukichukua, kwa hiyo mtu yeyote akikushauri "kukipunguza kidogo" mfungulie mlango atoke.

Sisi Wazanzibari tuna mzigo wetu wa ziada. FIFA sisi si wanachama. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupokea Machi 2017, na Julai mwaka huo huo wakatutoa. Desemba ile ile Zanzibar Heroes, timu yetu ya wakubwa, wakafika fainali ya CECAFA kule Kenya, wakiwa wameifunga Bara na kuitoa Uganda, wakaja kushindwa na Kenya kwa penalti. Kisiwa hiki hakikulala. Lakini baada ya shangwe, kijana wa Zanzibar anayetaka dunia imwone lazima avuke bahari, apate timu Bara, aitwe Taifa Stars. Hiyo ngazi yetu ina vidato viwili na katikati pako wazi. Anayevuka ni mwenye kujiweza. Fei Toto mwenyewe, ambaye jina lake mnamvisha mtoto, alikuwa ameshacheza na watu wazima klabu ya JKU huku Zanzibar kabla Yanga hawajamchukua mwaka 2018. Na kocha wa wale Heroes wa 2017, Hemed Suleiman "Morocco", alikuja kuiongoza Taifa Stars kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, baada ya miaka ya kazi ambayo hakuna aliyeiweka stetasi.

Unamkumbuka yule kijana wa winga ya kushoto, kiwanja cha Tibirinzi, tuliyemwita Okocha, kwa jina la yule fundi wa Nigeria? Alikuwa akiupandisha mpira kwa kisigino ukapita juu ya kichwa cha beki, na watoto ukutani wakapiga makopo mpaka imamu akatuma mtu. Akaitwa kambi Unguja. Akakaa, akarudi. Hakuvunjika mguu, hakugombana na mtu, hakunywa. Ni kwamba mabeki wa kule walishajua habari ya kisigino, walikuwa wakikisubiri, na yeye hakuwa amefundishwa kitu cha pili, kwa sababu huku kwetu kila akifanya kile kimoja tulikuwa tunashangilia. Leo anauza pweza soko la Chake, pweza wazuri, mimi ni mteja wake. Bado wanamwita Okocha. Juzi bwana mmoja alimwambia mbele yangu, "Wewe ungefika mbali." Akamjibu huku anapima kilo, "Nafika mpaka Konde, nina wateja kule."

Ndiyo maana hilo jina la "Fei Toto mdogo" silipendi. Kelvin John walimwita Mbappe akiwa bado mtoto wa Serengeti Boys, na mwaka 2019, mashindano ya Afrika yalipofanyika Dar es Salaam, nchi nzima ikamkalia mabegani. Tukafungwa mechi zote tatu, pamoja na ile ya mabao matano kwa manne na Nigeria. Yeye aliendelea, akaenda Genk ya Ubelgiji, na kazi yake ya mpira anaifanya. Lakini kila akicheza vizuri huambiwa hajawa Mbappe. Kwa nini mtoto alipe deni la jina ambalo hakulikopa? Nadir Haroub wetu aliitwa Cannavaro, jina la beki wa Italia, sawa, lakini Nadir alikuwa beki wa kutisha na mtu mzima, jina lilimkaa kama kanzu iliyopimwa.

Kwa hiyo jibu langu la pili. Majaribio aende. Mpira anaupenda, na Karume Boys ni heshima; wale wa chini ya miaka 15 walileta kombe la CECAFA kutoka Uganda mwaka 2023, nilifurahi kama wewe. Aende kama mtoto aliyeitwa kucheza, asiende kama mkombozi wa visiwa. Skuli asikose, na kama kambi inaingiliana na mitihani, aulizwe mwalimu wake kwanza na kocha baadaye. Akiachwa, siku hiyo asiulizwe kitu. Mpikieni anachokipenda, kesho yake arudi kiwanjani.

Mumeo mwambie kwa upole aitoe ile picha. Najua ni furaha ya baba, lakini marafiki zake wakishaanza kuuliza "anaondoka lini?" mtoto ndiye anayesikia.

Yule bwana mwenye karatasi, muulize mambo haya huku mumeo yupo. Ana leseni ya wakala kutoka FIFA? Tangu mwaka 2023 lazima awe nayo, na kwa mtoto hawezi kufanya lolote bila ya idhini ya wazazi. Karatasi hiyo inamfunga kijana muda gani? Aliye chini ya miaka 18 kanuni za FIFA haziruhusu mkataba wa mchezaji kuzidi miaka mitatu. Akikutajia kumpeleka klabu ya Ulaya au Uarabuni sasa hivi, jua anakuzungusha, kwa sababu uhamisho wa nje ya nchi kwa aliye chini ya miaka 18 umepigwa marufuku isipokuwa kwa sababu chache sana, na kusubiri bahati si mojawapo. Akianza kusema "karatasi hii ni ya kawaida tu, mama, weka sahihi hapa," mpe chai, amalize, aende zake.

Nitumie picha za kurasa zote leo jioni, hata zile za maandishi madogo ya mwisho, na kama ni Kiingereza nitakaa nazo na yule mwanasheria jirani yetu. Mtoto mwambie babu yake anamsalimu na anataka kujua kama amejifunza kupiga mguu wa kushoto.

Baba yako.