Dada wa Minneapolis, usinunue hiyo fidla ya 1/2

Funga ukurasa wa duka kabla hujalipa. Umeandika kwamba mtoto ana miaka 6, Julai mnakwenda Wisconsin kwenye wiki ya Suzuki (mafunzo ya muziki kwa mtindo wa mwalimu Mjapani Shinichi Suzuki), halafu unataka kumnunulia fidla ya 1/2 "akulie humo humo"? Fidla za watoto huja kwa saizi, 1/8, 1/4, 1/2, hadi ile kamili ya mtu mzima; si sare ya shule ukunje pindo.

Maneno hayo nayajua. Muuzaji aliyeniuzia mimi aliyatamka kwa upole, akaongeza na sanduku la zambarau la bure. Asante kwa sanduku. Keshauza, na mtoto akianza kulalamika bega yeye hayupo.

Chukua futi ya fundi cherehani. Mtoto asimame wima, anyooshe mkono wa kushoto pembeni, kiganja kitazame juu. Pima toka shingoni hadi katikati ya kiganja. Kama sm 43 ni 1/8, sm 46 au 47 ni 1/4, na 1/2 inaanzia karibu sm 51. Akiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Dukani hakikisha tena: fidla ikae begani, mkono ufuate shingo ya fidla hadi kwenye kichwa chake, vidole vikizungushe kichwa huku kiwiko kimepinda kidogo. Ikibidi anyooshe kiwiko ndipo afike, irudishe kabatini.

Mwili wa 1/4 ni kama sm 28, wa 1/2 ni kama sm 31. Sentimita 3 utaziona mzaha. Lakini bega litapanda, kifundo cha mkono kitalalia shingo ya fidla, kidole cha mwisho hakitafika kwenye noti yake, na vidole vitazoea nafasi pana ambazo mkono wake hauziwezi. Mkao huo ukishakomaa, kuuvunja ni kazi ya miezi.

Na kule Wisconsin ndiko utakakoumia zaidi. Darasa la mbinu kwa kawaida ni watoto wanne kwa saa moja, yaani dakika 15 kila mmoja, wengine wakitazama. Wewe unakaa pembeni na daftari, kwa sababu Suzuki alimfanya mzazi kuwa mwalimu wa nyumbani. Ndivyo walivyofanya Stevens Point, mji wa Wisconsin yanakofanyika mafunzo hayo, tangu 1971. Fidla ikiwa kubwa, dakika zote 15 ni "shusha bega". Daftari lako litajaa bega. Muziki utausikia kwa watoto wa wenzio.

Kodisha! Nenda kwa fundi wa fidla, siyo duka linalouza na blenda. Kwa kawaida ni dola 20 hadi 30 kwa mwezi, maduka mengi ya mafundi hukubadilishia saizi mtoto akirefuka, na mengine hukukatia sehemu ya kodi siku ukiamua kununua. Uliza bima ya kuvunjika, maana huyo ana miaka 6. Upinde nao uwe wa saizi hiyo hiyo.

Kabla hujaondoka, tazama daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi: limesimama wima, miguu yote miwili imegusa ubao bila mwanya? Zungusha vigingi vya kukazia nyuzi kule kichwani; kimoja kikiteleza, fundi akichonge upya hapo hapo. Dai vikazio vidogo, yaani skrubu za kurekebisha sauti kidogo kidogo upande wa chini wa fidla, kwenye nyuzi zote nne, usikubali kiwe kwenye uzi mwembamba wa E peke yake, la sivyo kila asubuhi utahangaika kutafuta A ya 440 (noti ya kulinganishia sauti, mitetemo 440 kwa sekunde) huku wenzio wameshaanza. Nyuzi mpya hutanuka na kushuka sauti, kwa hiyo zibadilishwe wiki moja au mbili kabla ya safari, mmoja mmoja. Ukilegeza zote nne kwa pamoja daraja linaanguka, na ile nguzo ndogo ya ndani, ambayo haikugundishwa, inaweza kulala. Hapo hakuna gundi ya nyumbani itakayokusaidia, ni kwa fundi tu.

Unauliza kama baba anaweza kwenda badala yako? Aende, mradi yeye ndiye atakayefanya mazoezi na mtoto nyumbani.

Mpime jioni hii, uweke sentimita hapa. Mkono wa kushoto, siyo wa kulia.