Bei ya Saa Moja: Majibu kwa Wanaoendesha Hadubini za Pamoja

Hadubini inayotumiwa na idara kadhaa ni mali ya wote, na kwa sababu hiyo mara nyingi haina mtu wa kuililia fedha. Nimesimamia maabara ya aina hiyo kwa miaka mingi, na nimeshuhudia kifaa cha mamilioni ya shilingi kikifunikwa kitambaa kwa miezi minane kwa kukosa kipuri ambacho hakuna aliyekiwekea fungu. Maswali yaliyonifikia mwezi huu yote yanahusu kuepuka hali hiyo. Nimeyafupisha.

Tulipata hadubini ya konfokali (inayotumia leza kupiga picha za sampuli tabaka kwa tabaka) kupitia mradi unaoisha mwezi Juni. Uongozi unataka tupange bei ya saa moja ili kifaa kijiendeshe. Tuanzie wapi? (Mkuu wa maabara, Morogoro)

Anzieni kwenye saa kabla ya kufika kwenye shilingi. Wengi huorodhesha gharama kwa uangalifu mkubwa, kisha huzigawa kwa idadi ya saa waliyoitoa kwenye kalenda, na hapo ndipo hesabu nzima huharibika. Wiki 45 za kazi, siku tano kwa wiki na saa nane kwa siku hutoa saa 1,800, lakini ndani ya saa hizo kuna siku za usafi na ukaguzi, kukatika kwa umeme, mafunzo ya watumiaji wapya, likizo za wanafunzi na sampuli ambazo hazikuwa tayari siku iliyopangwa.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Hadubini ilinunuliwa kwa shilingi milioni 300. Kwa mwaka, mkataba wa matengenezo ni milioni 30, mshahara wa mteknolojia anayeisimamia ni milioni 24, umeme na kiyoyozi ni milioni 4, mafuta ya lenzi, karatasi za kufutia, slaidi za majaribio na vitu vidogo vya aina hiyo ni milioni 3, na akiba ya betri za UPS (kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika) pamoja na diski za kuhifadhia picha ni milioni 5. Jumla ni milioni 66. Mkigawa kwa saa 1,800 mtapata takriban shilingi 36,700 kwa saa, bei ambayo kila mtumiaji ataipokea kwa furaha. Mwaka ukiisha na daftari likaonyesha kwamba saa zilizolipiwa ni 1,100 tu, mtakuwa mmekusanya milioni 40 na ushei, na pengo litakuwa zaidi ya milioni 25. Kwa saa 1,100 bei ya haki ilikuwa shilingi 60,000 tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo chukueni daftari la matumizi la miezi 12 iliyopita na mhesabu saa ambazo mtu aliketi mbele ya kifaa. Kama hakuna daftari, kompyuta ya hadubini huhifadhi tarehe na saa ya kila picha, na mtu mvumilivu anaweza kupata makadirio mazuri kutoka humo kwa siku mbili. Ahadi za mdomo za watafiti msizihesabu. Mtafiti anayesema kwamba atatumia saa kumi kwa wiki husema kweli kuhusu nia yake, ila sampuli zake bado ziko kwenye panya au shambani.

Mtaona kwamba sikuweka uchakavu, yaani thamani ambayo kifaa hupoteza kila mwaka. Mkitaka kununua hadubini nyingine baada ya miaka 10, lazima mtenge milioni 30 kila mwaka, na bei ya saa itapanda kutoka 60,000 hadi takriban 87,000. Vyuo vingi haviwezi kumtoza mtumiaji kiasi hicho, na sivilaumu. Ninachosisitiza ni kwamba jambo hilo liandikwe wazi katika taarifa ya bajeti, ili uongozi usije ukadhani kwamba makusanyo ya saa yatanunua kifaa kipya. Tena, kama kifaa kilinunuliwa kwa ruzuku ya serikali ya Marekani, kanuni zao haziruhusu sehemu hiyo ya gharama irudishwe kama uchakavu katika bei mnayotoza miradi yao, na bei zenyewe hutakiwa kurekebishwa angalau kila miaka miwili.

Muuzaji anatudai takriban asilimia 10 ya bei ya kifaa kila mwaka kwa mkataba wa matengenezo. Je, tunaweza kuishi bila huo mkataba? (Mhadhiri, Mombasa)

Kiasi hicho ni cha kawaida kwa hadubini yenye leza, na huumiza popote pale. Jibu langu linategemea aina ya kifaa. Hadubini ya mwanga wa kawaida haihitaji mkataba kamili. Fundi wenu akifunzwa vizuri na akawa na vifaa vya usafi na akiba ya balbu, ziara moja ya ukaguzi kwa mwaka inatosha. Hadubini ya konfokali ni habari nyingine, kwa sababu kubadilisha leza moja au kigunduzi kimoja (sehemu inayopokea mwanga wa sampuli) kunaweza kuzidi mkataba wa mwaka mzima, na fundi aliyeidhinishwa huenda akatoka nchi nyingine, nauli na malazi yakiwa juu yenu.

Kati ya pande hizo mbili kuna njia ambayo wauzaji hawaisemi mpaka waulizwe, nayo ni mkataba wa ukaguzi kinga tu (ukaguzi wa kuzuia kifaa kisiharibike), wenye punguzo la bei ya vipuri. Mkiuchagua, tofauti ya fedha iwekwe katika mfuko wa akiba usioguswa kwa kazi nyingine yoyote. Kwa uzoefu wangu mfuko wa namna hiyo husimama pale tu ambapo umeandikwa kwa barua na una watia saini wawili.

Kuna jambo la pili, na kwenu Kenya limeonekana waziwazi. Mikataba hii huandikwa kwa dola au yuro. Mkataba wa dola 10,000 uligharimu takriban shilingi milioni 1.13 mwanzoni mwa mwaka 2022, ukafika karibu milioni 1.6 Januari 2024, kisha ukashuka hadi kwenye milioni 1.3 baadaye mwaka huohuo. Huduma ilikuwa ileile. Katika bajeti andikeni kiasi cha dola na kiwango cha ubadilishaji mlichotumia, kila kimoja kwenye safu yake, na muongeze asilimia 10 hadi 15 ya tahadhari.

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili na sina ruzuku. Kwa nini nilipie hadubini ya chuo ninachokilipia ada? (Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Uchungu wako naufahamu, na sidhani kwamba mwanafunzi asiye na ruzuku anapaswa kubeba shilingi 60,000 kwa saa za mfano wetu wa kwanza. Ila naomba ujue fedha hiyo inakwenda wapi. Siku moja nilikuta mwanafunzi ametoka kwenye lenzi ya 100, ambayo hutumia mafuta, akazungusha moja kwa moja kwenye lenzi ya 40, ambayo ni kavu. Mafuta yaliingia kwenye ukingo wa kioo chake, yakakauka usiku, na asubuhi kila aliyeketi pale aliona picha yenye ukungu na akadhani sampuli yake ni mbovu. Kijana hakuwa mzembe, bali alikuwa hajafunzwa, maana mteknolojia alikuwa ameondolewa kwenye bajeti mwaka huo. Sehemu kubwa ya bei ya saa ni mtu anayesimama karibu nawe kuzuia hilo.

Kinachofaa ni chuo kutenga saa za wanafunzi, tuseme 150 kwa mwaka, na idara au kurugenzi ya utafiti izilipie kwa kifungu kinachojulikana. Punguzo lisilo na mlipaji huwa deni la hadubini. Muulize msimamizi wako kama kifungu hicho kipo. Kama hakipo, aandike barua ya kukiomba, nawe umkumbushe bila kuchoka.

Taa ya zebaki au LED? (Fundi sanifu, Arusha)

LED, kama kifaa chenu kinaikubali na rangi za kung'aa mnazotia kwenye sampuli zinapata mwanga wa kutosha. Taa ya zebaki ya wati 100 huishi saa 200 hadi 300, na kuipitisha muda huo ni kualika mlipuko na mvuke wa zebaki ndani ya chumba. LED huhesabiwa kwa maelfu ya saa, huwashwa na kuzimwa papo hapo, na haina zebaki. Kwa saa 1,100 kwa mwaka mngehitaji taa za zebaki nne hadi sita, pamoja na saa zinazopotea kwa kuiacha ikiwaka ili isizimwe na kuwashwa kila mara. Linganisheni bei kwa miaka mitatu, kwa kuwa bei ya siku ya ununuzi peke yake itawadanganya.

Mkurugenzi anataka tuzime kiyoyozi usiku ili kupunguza bili. (Tanga)

Nimeshapiga hesabu hii mara nyingi. Kiyoyozi kinachotumia wastani wa kilowati 1 mchana na usiku hula uniti 8,760 kwa mwaka, ilhali hadubini yenyewe ya kilowati 1.5, kwa saa 1,100, hula uniti 1,650. Mkurugenzi wenu ameona sawasawa mahali bili inapotoka. Lakini Tanga ni pwani. Chumba chenye unyevu usiku kucha huotesha fangasi kwenye lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na fangasi wakishakula tabaka la kinga la kioo, lenzi haisafishiki tena. Mpelekeeni pendekezo la kati: mashine ya kukausha hewa usiku, lenzi za akiba ndani ya kabati lenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), kipimo cha unyevu ukutani, na unyevu usiopita asilimia 60. Wekeni bei ya lenzi moja nzuri kwenye barua hiyohiyo.

Makusanyo yetu huingia akaunti kuu ya chuo kwa namba ya udhibiti (control number), na kuyapata tena hata kwa chupa ya mafuta ya lenzi ni safari ndefu. (Mwanza)

Safari hiyo hufupishwa kabla ya tarehe 1 Julai. Ombeni kifungu chenu wenyewe cha mapato na matumizi, ingizeni mahitaji ya mwaka mzima kwenye mpango wa ununuzi wa chuo, na mafuta, karatasi na slaidi zote ziagizwe kwa mara moja katika robo ya kwanza. Kwa vitu vidogo vya dharura ombeni masurufu (fedha za mkononi zinazotolewa kabla ya matumizi), na myarejeshe kwa wakati, kwa sababu mhasibu humkumbuka aliyechelewa. Mtumiaji wa nje, kama hospitali binafsi au kampuni, atozwe gharama kamili pamoja na uchakavu, na mkubaliane kwa maandishi asilimia ngapi ya fedha yake hurudi maabara.

Nusu mwaka imekwisha na tumekusanya theluthi moja tu ya lengo. Tupandishe bei? (Dodoma)

Hapana, bado. Bei ikipanda katikati ya mwaka, wenye ruzuku iliyokwishapangwa hupunguza saa, na pengo hukua. Fungueni daftari kwanza: ni nani aliyetumia saa 20 mwezi wa Agosti na sasa haonekani? Mpigieni simu. Mara nyingi ameshindwa kwa jambo dogo, kama programu ya uchambuzi iliyokwisha leseni, au nafasi zilizohifadhiwa na watu wasiofika. Watozeni wasiofika nusu ya bei kama hawakutoa taarifa ya saa 24, na nafasi zitafunguka. Kisha kadirieni upya saa za miezi sita iliyobaki, na mpeleke upungufu kwa mhasibu Januari hii, wakati mapitio ya bajeti ya nusu mwaka bado yana nafasi ya kuhamisha fedha kutoka kifungu kingine.