Re: Sheria za mafuta kwa malori zitatuumiza sisi wa Kampala?

Ndugu yangu, umeuliza kama viwango vya ulaji mafuta vinavyowekwa na serikali za nje vitamuumiza mwenye malori mawili hapa Kampala. Moja kwa moja, hapana. Anayebanwa ni mtengenezaji. Japani ilitangulia 2006, Marekani ikafuata 2011, kisha Umoja wa Ulaya 2019, ukitaka malori mapya yapunguze hewa ya kaboni inayotokana na kuchoma mafuta kwa asilimia 15 kufikia 2025. Kiwanda kisichofikisha hutozwa faini.

Sisi tunanunua yaliyotumika, na tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari la miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo malori ya viwango hivyo yatatufikia tu.

Usiogope bei ya malori hayo kabla hujapiga hesabu ya dizeli yatakayookoa. Safari ya Mombasa na kurudi, dizeli ndiyo inayomeza faida. Juzi lori langu lilifika Malaba, mpakani na Kenya, likiwa limekunywa kupita kawaida. Nikashika tairi za trela moja moja: mbili za nyuma zilikuwa za moto kuliko zingine, upepo umepungua. Na dereva alikuwa ameacha injini ikinguruma foleni nzima. Hayo hakuna kiwanda kitakachokurekebishia.

Ninachokuomba uangalie sana ni fundi. Injini za malori hayo zina sensa nyingi, na dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa inaua haraka nozeli zake za kunyunyizia dizeli. Kabla hujalipia lori, mtafute fundi mwenye mashine ya kupima injini hizo, na uchague kituo kimoja cha mafuta unachokiamini.