Kamba, mazigazi na mgomba: majibu ya maswali yenu kuhusu Ubuddha

Safu iliyopita niligusia fundisho la Kibuddha kwamba tunachokiona si lazima kiwe ndicho kilichopo. Mmeniandikia kwa wingi, wengine kwa ukali. Nimechagua maswali matano.

Wabuddha si ndio wanaosema dunia ni ndoto? Sasa bodaboda ikinigonga nitavunjika mguu wa ndotoni?

Utavunjika mguu huo huo ulio nao, na Mbuddha atakukimbiza hospitali. Mfano wanaoupenda walimu wao ni wa mtu apitaye njiani magharibi. Anaona nyoka, anaruka, jasho linamtoka. Taa ikiletwa, kumbe kamba. Kamba ilikuwepo na jasho lilikuwepo. Nyoka tu ndiye hakuwepo, na ndiye aliyemrusha. Nagarjuna, mtawa wa Uhindi aliyeishi karibu na karne ya 2, alitenganisha kweli mbili. Ipo ya matumizi ya kila siku, ambayo kwayo bodaboda ni bodaboda na mguu ni mguu. Na ipo ya mwisho, kwamba hakuna kati ya hivyo kinachosimama chenyewe bila kutegemea vingine. Akaonya kuwa asiyeishika ile ya kwanza hawezi kufundishwa ya pili.

Tuachie wanafalsafa. Buddha mwenyewe alisema nini?

Kuna hotuba fupi aliyoitoa kando ya mto Ganges, nami naipenda kuliko zote. Anamgawa mtu katika mafungu matano. Mwili anaufananisha na povu linaloelea mtoni, na hisia na viputo vinavyoibuka matone ya mvua yakipiga maji. Utambuzi, yaani ile kazi ya akili kusema “hiki ni kikombe, yule ni adui”, anauita mazigazi ya adhuhuri. Fahamu ni mazingaombwe yanayochezwa njia panda. (Kiswahili kimembeba Buddha bila shida: mazigazi, mazingaombwe, kiinimacho, vyote tunavyo.)

Limebaki fungu la nia na mazoea, na hapo ndipo anaponigusa mimi niliyekulia migombani. Mtu anatafuta mti mgumu, anaingia msituni na shoka kali, anaangusha mgomba mnyoofu na kuanza kuubandua. Nimeubandua utotoni. Ganda la nje limekauka na linakwaruza. La pili ni la kijani, linateleza. Linafuata jeupe lenye vijumba vya hewa kama sega la nyuki, na maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko; doa lake kwenye shati la shule halikutoka, na fimbo niliyopata naikumbuka. Unazidi kubandua ukidhani sasa utafikia mti wenyewe. Unakuta jani changa lililojiviringa. Buddha anasema ukizichunguza tabia zako kwa uangalifu huo, utabandua mpaka mwisho na hutakuta kiini.

Jirani yangu namdai fedha. Amesoma safu yako, anasema kama hakuna “mimi” wa kudumu basi aliyekopa si yeye. Nimjibu nini?

Mwambie alipe. Hoja yake ina zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Katika *Milindapanha*, mazungumzo ya mfalme wa Kigiriki Menander na mtawa Nagasena, yumo mwizi wa maembe anayejitetea kwamba maembe aliyochuma siyo yale mwenye shamba aliyoyapanda. Ni kweli, lililofukiwa ardhini lilikuwa jingine. Lakini haya yametokana na lile, kwa hiyo anaadhibiwa. Deni nalo ni hivyo hivyo.

Nikishajua kwamba akili inanidanganya, mbona hasira haiishi?

Swali hili ndilo bora kuliko yote. Chora mistari miwili iliyo sawa. Mmoja uwekee ncha za mshale zinazoangalia nje, mwingine ncha zilizogeuzwa. Mchoro huu ulitolewa na Mjerumani Müller-Lyer mwaka 1889. Pima kwa rula, uhakikishe, kisha tazama tena: bado mmoja ni mrefu. Kujua hakukusaidia jicho.

Maandiko ya Kibuddha yanataja upotofu wa ngazi tatu: wa utambuzi, wa mawazo, na wa mtazamo. Wa mtazamo ndio unaotangulia kuondoka. Ile miwili mingine hung'ang'ania. Juzi nilimwandikia shemeji yangu ujumbe mrefu, akajibu: “Sawa.” Na nukta juu. Nilikaa na ile nukta saa tatu nzima, nikasikia mpaka sauti yake akiitamka. Kumbe alikuwa amening'inia kwenye daladala, anaandika kwa kidole gumba kimoja. Na mimi ndiye mwandishi wa safu hii! Mazoezi yao ni kurudi kwenye kilichoonekana peke yake: neno moja, herufi nne, nukta. Sauti niliiongeza mimi.

Lazima nibadili dini ili nijaribu hayo?

Kutazama akili yako hakuhitaji cheti. Ila Wabuddha wenyewe hawalitenganishi zoezi hilo na maadili, kwa hiyo usiwachukulie kama watu wa kuuza dawa ya usingizi. Ukitaka kuwauliza ana kwa ana, nenda Entebbe, kwenye Uganda Buddhist Centre iliyoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Dar es Salaam hekalu liko Upanga, kazi ya wahamiaji kutoka Sri Lanka. Viatu vinaachwa mlangoni.