Maswali ya Wasomaji: Je, Nyambizi Zilibeba Mizigo?

SWALI: Marehemu babu yangu alipigana Burma akiwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Enzi za uhai wake alishikilia kwamba Wajapani walisafirisha mchele kwa meli za chini ya maji, na wajomba zangu wakimcheka. Je, alisema kweli? Na kama meli hizo zilikuwepo, ziliishia wapi?
Msomaji, Tukuyu, Mbeya

JIBU: Wajomba wana deni la kumwomba mzee radhi kaburini. Alikosea kidogo tu iwapo alidhani mchele huo ulipelekwa Burma, kwani ulipelekwa visiwa vya Pasifiki. Mwishoni mwa mwaka 1942, ndege za Marekani zilipoziba njia ya meli za kawaida kwenda Guadalcanal, nyambizi za kivita za Japani ziligeuzwa kuwa za kuwapelekea chakula askari waliokuwa wakifa kwa njaa kisiwani humo. Mojawapo, I-1, ilikutwa usiku wa tarehe 29 Januari 1943 na meli mbili ndogo za New Zealand, Kiwi na Moa, na Kiwi iliigonga kwa omo mara tatu kabla haijakwama mwambani.

Baadaye Japani iliunda nyambizi za uchukuzi hasa, kuanzia I-361, ambazo kila moja ilichukua takriban tani 80. Simama Kitonga uhesabu semitrela tatu zinazopanda na shehena ya Tunduma: huo ndio mzigo wote, nao ulihitaji wanamaji zaidi ya hamsini. Kwa maoni yangu lilikuwa lori ghali mno, lakini mwenye njaa hachagui chombo. Kati ya nyambizi 13 za jamii hiyo, 9 zilipotea kabla ya vita kwisha. Ya mwisho, I-373, iliyoundwa kubeba mafuta ya ndege, ilizamishwa na nyambizi ya Marekani, Spikefish, tarehe 14 Agosti 1945, siku moja kabla ya Mfalme wa Japani kutangaza redioni kwamba nchi yake inasalimu amri. Alinusurika mtu mmoja tu.

Iliyobeba mzigo wa thamani kuliko zote, hata hivyo, ni I-52, yenye urefu wa zaidi ya mita 108. Iliondoka bandari ya Kure, Japani, Machi 1944, ikapakia Singapore, ikavuka Bahari hii yetu ya Hindi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ikielekea Ufaransa, iliyokuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Ndani yake mlikuwa na bati, mpira, afyuni, tani kadhaa za kwinini (ile dawa chungu ambayo wazee wetu huikumbuka kwa masikio kuvuma) pamoja na tani 2 za dhahabu katika mapande 146, malipo ya utaalamu wa Kijerumani.

Haikuponzwa na bahari bali na maneno yake yenyewe, kwa kuwa simu za siri za redio kati ya Tokyo na Berlin zilikuwa zikisomwa na wapinzani wao. Usiku wa tarehe 23 Juni 1944, katikati ya Atlantiki, ilikutana na nyambizi ya Kijerumani U-530, ikapokea Wajerumani watatu na kifaa cha kunusa rada. Saa chache baadaye ndege ya rubani Jesse Taylor, iliyoruka kutoka meli ya Marekani Bogue, ikaigundua. Nyambizi ikazama kujificha, lakini Taylor alidondosha maboya ya kunasa sauti, akasikiliza mlio wa rafadha zake, kisha akaachia torpedo, yaani kombora la majini, inayoufuata mlio huo. Ndege ya pili ikaongeza yake. Hakupona hata mmoja.

Mmarekani Paul Tidwell, mtafutaji wa meli zilizozama, aliipata mwaka 1995, kina cha zaidi ya mita 5,000. Waliporudi kuitafuta dhahabu walipandisha sanduku la chuma kwa matumaini makubwa. Walipolifungua, lilikuwa na afyuni.