Taa zinafifia pampu ikiwaka, na stabilaiza haisaidii

SWALI: Shikamoo fundi. Nina ng'ombe 18 na mtambo wa bayogesi, gesi inaendesha jenereta ya petroli ya KVA 10 tuliyoigeuza. Sasa pampu ya maji ya hp 2 ikiwaka tu taa zinafifia zinacheza kama disko, friji inanguruma, na kompresa moja imeshaungua. Nimeuziwa stabilaiza lakini wapi, hali ileile, na tangu msimu wa mabibo uanze ndo imezidi. Nifanyeje? – Msomaji, Nachingwea

JIBU: Marahaba. Hayo mabibo ndo yamenishtua. Usiniambie unayamwaga mtamboni kwa ndoo!

Mabibo yana sukari nyingi, yanachachuka haraka kuliko bakteria wa methani wanavyoweza kuila hiyo asidi, kwahiyo gesi inatoka kibao unafurahi kumbe kabonidayoksaidi imezidi. Gesi nzuri ya kinyesi ina methani kama asilimia 60 hivi. Washa jiko la jikoni uangalie, moto ukiwa unaruka juu ya bana na kuzimika ovyo basi gesi yako ni dhaifu. Acha mabibo, lisha kinyesi tupu mpaka moto utulie, ukiyarudisha iwe kidogokidogo.

Sasa umeme. Stabilaiza inarekebisha volti, haigusi hezi hata kidogo, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, inayofuata kasi ya injini. Jenereta yako kama ni ya poli 4 (ncha nne za sumaku ndani) inatoa hezi 50 ikizunguka mara 1500 kwa dakika, ikishuka mpaka 1350 umebaki na 45. Na KVA 10 zilizoandikwa pale ni za petroli, kwenye bayogesi nguvu inapungua sana. Halafu mota ya hp 2 ya fezi moja inakula ampea kama 10 ikishazunguka, ila pale inapoanza inavuta mara tano hadi saba ya hizo, na jenereta nzima hata ikiwa kwenye petroli yake mwisho wake ni ampea 43! Gavana, kile kifaa kinacholinda kasi ya injini, inafungua gesi, injini inachelewa kuitikia, ndo hiyo disko yako.

Chukua mita yenye kupima hezi, mtu mwingine awashe pampu. Hezi na volti zikianguka pamoja, tatizo ni injini na gesi. Hezi zikibaki karibu na 50 volti zikaanguka peke yake, angalia AVR (kidhibiti volti cha jenereta yenyewe), na waya wa kwenda kisimani, watu wanavuta waya mwembamba mita mia halafu wanalaumu jenereta. Kapasita ya pampu, ile inayoisaidia mota kuanza, nayo ipimwe, ikichoka mota inang'ang'ana muda mrefu kabla ya kuzunguka, na ni kitu cha bei ndogo, mimi ningeanza nacho.

Friji izime kwanza, pampu ikishaanza kutoa maji na taa zikatulia ndo uiwashe.