Diski moja kwa Windows, Linux na Mac: ninavyoigawa yangu

Dada wa Mbarara ameuliza: ana diski ya nje ya TB 1, ofisini anatumia Windows, nyumbani Ubuntu (aina ya Linux), na anayemhariria video ana Mac. Aigawe vipi ili isomeke kote?

Dada, mimi napiga video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) hapa Kampala, na diski yangu huzunguka kwenye kompyuta za aina hizo hizo tatu. Nimeigawa sehemu mbili: kubwa ya exFAT ya kubebea kazi, na ndogo ya ext4 ya mambo yangu ya Linux. Majina haya, pamoja na FAT32 na NTFS, ni mifumo ya kupanga faili kwenye diski.

FAT32 iache. Husomeka kila mahali, lakini faili moja haliwezi kufika GB 4, na video ya kwanjula huvuka hapo kabla bibi harusi hajatoka ndani. NTFS nayo, Mac huisoma tu, haiandiki. ExFAT husomwa na kuandikwa na zote tatu. Kwa Linux, keneli (kiini cha mfumo) ya 5.7 ya mwaka 2020 na zilizofuata ziko vizuri.

Ila exFAT ina udhaifu mmoja ambao kwetu huku, umeme unavyokatika, lazima uujue. Ext4 na NTFS zina daftari lao: kabla ya kubadilisha kitu huandika kwanza linalotaka kufanywa, kwa hiyo mambo yakikatikia njiani hurudi kwenye daftari na kujipanga upya. ExFAT haina daftari hilo. Ukichomoa waya faili likiwa bado linanakiliwa, unaweza kupoteza zaidi ya faili hilo. Toa diski kwa njia salama kila mara, na usihifadhi humo nakala pekee ya kitu chochote.

Kwanza hamisha vyote vilivyomo, kwa sababu kugawa upya kunafuta. Kwenye Windows fungua Disk Management (TB 1 utaiona kama GB 931, hujaibiwa), futa sehemu za zamani, geuza diski iwe GPT (mtindo wa kisasa wa kuorodhesha sehemu za diski), kisha tengeneza sehemu ya exFAT. Ukubwa huandikwa kwa MB: GB 700 ni 716800. Zilizobaki ziache tupu, nenda Ubuntu ukazifanye ext4. Hapo andika kwanza lsblk, amri inayoorodhesha diski, utazame ukubwa: diski ya ndani mara nyingi ni sda au nvme0n1, ya nje sdb, lakini usiamini jina, amini ukubwa. Ext4 ikikukatalia kuandika, ifanye iwe yako kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili.

Sasa jambo lililoniumiza. Windows haiijui ext4. Wakati mwingine huipa herufi kama E: na kukuambia lazima uifomati (yaani uifute na kuiandaa upya) kwanza ndipo uitumie. Nilipeleka diski kwenye duka la uchapaji Nasser Road kutoa picha za albamu, kijana wa pale akaona ujumbe huo akabofya kukubali. Hakuwa na nia mbaya. Ujumbe wenyewe unasema ni lazima. PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizopotea, ilinirudishia picha nyingi, lakini bila majina: f0182344.jpg, f0182960.jpg, maelfu. Nilikaa wiki nzima nikizitambua kwa sura za watu na rangi za gomesi (gauni za sherehe), na video kadhaa hazikufunguka tena.

Kwa hiyo ukimaliza kugawa, rudi Windows na uiondolee ile ext4 herufi; data haiguswi. Hiyo ni kwa kompyuta yako tu. Za watu wengine zinaweza kuipa herufi tena, ndiyo maana dukani sasa napeleka flashi yenye kazi ya siku hiyo peke yake.

Ukifika kwenye lsblk na huna uhakika, bandika hapa matokeo yake kabla hujafomati. Nitayaangalia jioni.